Hancho, Mnyapara Aliyepandishwa Cheo

Mwaka jana nilipewa kazi ndogo ya tafsiri. Kampuni moja changa ya hapa Dar es Salaam, jina silitaji, ilitaka tovuti yake yote iwe na upande wa Kiswahili. Kurasa nyingi zilikuwa nyepesi: huduma zetu, bei zetu, wasiliana nasi. Nilizimaliza jioni moja. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Mhasibu, sawa. Meneja masoko, sawa. Juu yao wote palikuwa na picha ya kijana wa miaka thelathini na kitu, miwani myeusi, mikono kaikunja kifuani, na chini yake maneno mawili tu: "Head Honcho".

Nikaandika "Mkurugenzi Mkuu". Nikafuta, Mkurugenzi Mkuu hakunji mikono vile. Nikaandika "Bosi". Nikafuta tena, maana bosi unaitwa na wengine, ukijiita mwenyewe unachekesha. "Kigogo" likaja likaondoka, neno la magazetini hilo, linanuka kesi. Rafiki yangu wa Nairobi akanipa "mdosi", ambalo kwao ni bosi bila shida, lakini huku kwetu lina maana nyingine kabisa, na si nzuri. Maneno mawili yakanikalisha siku tatu. Mfasiri hulipwa kwa idadi ya maneno, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nilichoingiza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba "honcho" ni Kihispania. Nilikuwa nimeliweka kichwani kwenye kabati moja na poncho, rancho na macho, nikamvalisha kofia pana na masharubu. Si mimi peke yangu. Wamarekani wenyewe, ambao ndio wenye neno, wengi wanadhani limevuka mpaka kutoka Meksiko, na wapo wanaomwita bosi mwanamke "honcha", kana kwamba lina jinsia ya Kihispania. Halina. Neno ni la Kijapani: hanchō. Han ni kikundi kidogo cha watu waliopangwa pamoja kwa kazi fulani, na chō ni mkuu. Mkuu wa kikundi. Basi.

Ukishajua hivyo, "head honcho" inageuka kuwa "mkuu wa mkuu wa kikundi", maji juu ya maji. Tusiwacheke sana. Sisi tunasema Ziwa Nyasa, na nyasa ni ziwa. Tunaita Ziwa Nyanza, na nyanza nayo ni ziwa.

Kuna jambo la sauti ambalo naona msomaji wa Kiswahili atalifurahia kuliko mwingine. Mjapani anatamka "hancho", kwa a ileile ya "baba", kisha o anaivuta kidogo. Sisi tungeliandika hivyohivyo tangu siku ya kwanza. Mmarekani hakuweza, kwa sababu katika tahajia yake herufi inayompa sauti hiyo mara nyingi ni o, ile anayoitamka kama a anaposema "hot". Akaandika "honcho" na akaendelea kutamka karibu sawa na Mjapani. Tunaopotoka ni sisi huku mbali, tunaolisoma kwa macho ya Kiswahili na kusema "honcho" yenye o mbili nzito. Nilipogundua hilo nilijisikia kama mtu aliyemwita jirani kwa jina la kaka yake kwa miaka kumi.

Kamusi za Kiingereza zinaponukuu mashahidi wa mwanzo wa neno hili, mmoja wao ni James Bertram, mwandishi wa habari wa New Zealand, katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Bertram alikuwa askari wa kujitolea Hong Kong ilipoanguka mikononi mwa Wajapani siku ya Krismasi, 1941. Akawa mateka, baadaye akavushwa hadi Japani kufanya kazi za sulubu. Katika maandishi yake hancho anaonekana kama anavyoonekana msimamizi yeyote kwa mtu wa chini: anakuja, na akija kazi lazima iishe.

Hali ya mateka hao haikuwa ya mchezo. Baada ya vita, mahakama ya kimataifa ya Tokyo ilihesabu mateka 132,134 wa mataifa ya Magharibi walioshikiliwa na Japani, na kati yao 35,756 walikufa. Zaidi ya mmoja katika kila wanne. Waliopelekwa Japani kwenyewe walipakua meli bandarini, walichimba makaa ya mawe, walibeba vyuma viwandani. Waligawanywa vikundi, na kila kikundi kilikuwa na mtu wa kukihesabu asubuhi, kukigawia kazi na kukihesabu tena jioni. Neno hilohilo lilitumika katika mabweni ya jeshi la Japani, ambako sajini aliyesimamia chumba cha makuruta, na kuwazaba makofi, aliitwa hanchō wao.

Nilimpigia simu baba mkubwa. Huwa nampigia ninapokwama kwenye neno la kazi, kwa sababu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe miaka ya 1960, kabla hajahamia mjini, na Kiswahili chake bado kina maneno yaliyotoka jasho.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Tukamaliza ya chakula na ya goti lake. Kisha nikamuuliza: mtu mwenye watu kumi, kumi na tano chini yake, si mwenye shamba, si meneja, lakini ndiye anayekuhesabia kazi, mlimwitaje?

"Mnyapara," akasema, bila hata kuvuta pumzi. "Tena huyo ndiye serikali. Meneja unamwona anapita na gari, vumbi linabaki. Mwenye shamba mimi sijamwona mpaka leo. Lakini mnyapara akisema mafungu yako hayajatimia, hayajatimia. Siku yako haiandikwi kwenye kipande, umekata bure."

Kipande, kwa aliyezaliwa juzi, kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza siku unawekewa alama, zikitimia thelathini ndipo unalipwa. Na mkonge ulikatwa kwa mafungu, majani thelathini kila fungu, kwa hiyo siku nzima ilikuwa hesabu, na hesabu ilikuwa na mwenyewe.

Nikakata simu nikakaa kimya. Nilikuwa natafuta neno la bosi mkubwa, na baba mkubwa alikuwa amenionyesha kwamba nilichokishika mkononi si bosi mkubwa hata kidogo. Swali likageuka. Mnyapara wa watu kumi alifikaje kuwa mkurugenzi mwenye miwani myeusi?

Nadhani jibu liko kwenye ule usemi wa baba mkubwa, "huyo ndiye serikali". Kwa Mjapani, hanchō ni ngazi ya chini, karibu ya mwisho kabla hujagusa ardhi. Lakini neno halikuazimwa na mtu aliyeitazama ngazi hiyo kutoka juu wala kutoka ubavuni. Liliazimwa na aliyelala chini yake. Mateka hamwoni jenerali, na mfalme wa Japani kwake ni hadithi. Anamwona hancho, na hancho anaamua kama leo ni ugonjwa au uvivu. Ukitazama kutoka hapo, huyo mtu ni mrefu kweli. Waingereza na Wamarekani walipolibeba neno kwenda nalo nyumbani, walilibeba pamoja na urefu ule.

Kiswahili kina mifano mingi ya jambo hili, kwa sababu nasi tumeamrishwa na wengi. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake la Kijerumani pwani yetu mwaka 1889, askari wengi wa mwanzo walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, na wakaja na vyeo vya Kituruki vya jeshi la Misri. Ndiyo maana wazee wetu walijua ombasha na shaushi kabla ya koplo na sajini. Ombasha kwa Kituruki ni onbaşı: on ni kumi, baş ni kichwa. Kichwa cha kumi. Hanchō kabisa, ila amevaa kofia nyekundu! Kutoka msafara huohuo tukapata afande. Huko kwao efendi ni bwana, mtu msomi wa kuheshimiwa, mwenye kalamu kuliko bunduki. Huku, afande ni yeyote aliyekusimamisha barabarani.

Na mnyapara mwenyewe naye ni msafiri. Wanyamwezi walikuwa na wanyampara wao, wazee wenye kauli, na misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikishuka kutoka bara kuja Bagamoyo, kirangozi alitangulia na bendera na kila kundi la wapagazi likawa na nyampara wake. Neno likaingia mashambani, likaingia kwenye ujenzi wa reli, likaishia gerezani, ambako nyapara ni mfungwa aliyepewa wafungwa wenzake kuwasimamia. Hancho alipanda kutoka kambi ya mateka hadi ofisi ya ghorofani. Mnyapara wetu alitoka baraza la wazee akashuka hadi jela. Wangepishana kwenye ngazi, sidhani kama wangesalimiana.

Hapa niliwaza pia juu ya keya, askari wetu wa King's African Rifles. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua na malaria, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Walikutana na Wajapani kwa karibu kuliko Wamarekani wengi walioketi Tokyo baadaye. Hata hivyo katika kamusi zetu hakuna cheo cha kijeshi cha Kijapani. Hakuna cha kushangaza. Keya hawakuwa chini ya hancho. Walikuwa wakipigana naye. Cheo kinaingia mdomoni mwako unapolazimika kukiitikia, na keya walikuwa wakiitikia "sajini".

Neno lingeweza kufia kwenye vitabu vya mateka. Lililoliokoa ni amani. Japani ilisalimu amri, ikatia saini tarehe 2 Septemba 1945, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya askari 300,000 wa Marekani walikuwa wamejaa huko, wakakaa kama watawala hadi Aprili 1952. Vijana wa Ohio na Texas wasiojua neno la Kijapani walihitaji kufuliwa nguo, kununua bia, kuelekezwa njia na kuchumbia. Ikazaliwa lugha ya sokoni, nusu Kiingereza nusu Kijapani, ambayo wenyewe waliiita Kiingereza cha mianzi. Takusan ilikuwa tele. Ichiban ilikuwa bora kuliko vyote. Sukoshi, yaani kidogo, ambayo Mjapani huimeza irabu yake ya kwanza kama vile hakuisema, ikawa "skosh", na hiyo imebaki Marekani mpaka leo: miaka ya 1970 kampuni ya Levi's ilitangaza suruali za wanaume wenye vitambi kwa kuahidi "skosh" zaidi ya nafasi. Nakiri kwamba kama si hancho, makala hii ingekuwa juu ya hiyo suruali.

Kisha Juni 1950 vita vya Korea vikaanza, na Kiingereza cha mianzi kikavuka bahari na askari. Hapa kuna uchungu ambao wanaosimulia neno hili kwa kuchekesha huwa wanauruka. Kilieleweka Korea kwa sababu Korea ilikuwa koloni la Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na watoto walilazimishwa Kijapani shuleni. Mkorea aliyemjibu Mmarekani kwa "hancho" na "takusan" alikuwa akitumia lugha ya bwana wa zamani kumwelewa mgeni mpya. Sisi ambao wajukuu wa mtu aliyechapwa shule ya Kijerumani bado tunasema "shule", tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Huko Korea hancho akapanda haraka. Kwanza kiongozi wa kikosi, halafu afisa yeyote mwenye zamu, halafu yeyote anayeongoza chochote. Likawa hata kitenzi: "kuhoncho" jambo, kulisimamia mpaka liishe. Vita vilipokoma Julai 1953, wanaume wakarudi makwao na viwandani na maofisini, na kila aliyewahi kuwa na mkubwa wa kumsema akapata jina zuri la kumsemea. Mwanzoni lilikuwa na kejeli. Nafikiri bado linayo kidogo, na ndiyo maana yule kijana wa tovuti alilichagua: anataka umjue kuwa ni mkubwa, na pia umwone kuwa hajivuni. Ujanja wa kizamani huo.

Ajabu ni kwamba kuna neno jingine la Kijapani lililofanya safari ya upande wa pili. Meli nne za Kimarekani za Matthew Perry zilitia nanga Japani mwaka 1853, na mazungumzo yaliyofuata yakawafundisha wageni kumwita mtawala wa kijeshi taikun, bwana mkubwa, cheo ambacho shoguni alikitumia kwa watu wa nje. Likaingia Kiingereza kama "tycoon". Mwaka 1861 makatibu wa Abraham Lincoln walikuwa wakimwita hivyo kwa utani nyuma ya mgongo wake, na miaka ya 1920 magazeti ya Marekani yakalivisha matajiri wa biashara. Leo ukifungua gazeti la Kiingereza la Kampala au Nairobi, "tycoon" yumo, kwa kawaida anagombania kiwanja. Bwana mkubwa wa Japani ameshuka kuwa mwenye majengo, mnyapara amepanda kuwa mwenye ofisi, wamekutana katikati na wanapangishana.

Nisiache upotofu mmoja. Yokosuka, penye kituo cha jeshi la majini la Marekani, kuna mtaa ambao mabaharia wanauita Honch. Wengi huunganisha na "honcho". Hauhusiani: honchō hiyo ni "mtaa mkuu", imeandikwa kwa herufi nyingine. Na wapo wanaodai kwamba "hunky-dory", Kiingereza cha "mambo poa", ilitokana na barabara ya jina kama hilo huko Yokohama, walikokuwa wakistarehe mabaharia. Hadithi tamu, lakini "hunky" peke yake ilikuwa tayari midomoni mwa watu wa New York, na chimbuko lake linaelekea zaidi kwenye Kiholanzi, ambako honk ni mahali pa salama mchezoni, kama tulivyokuwa na "nyumbani" kwenye kukimbizana. Asili ya neno ikikufurahisha mno, ikague mara mbili.

Kilichonimaliza kabisa ni kumtafuta hanchō wa leo huko kwao. Kiwandani yupo: Toyota kwa miaka mingi walimwita hivyo kiongozi wa timu ndogo ya mafundi, na juu yake kumichō. Mtaani yupo: jumuiya za majirani zimegawanywa vikundi vya nyumba chache, kila kikundi na hanchō wake, na kazi hiyo huzunguka zamu kwa zamu, leo kwako kesho kwa jirani, kupitisha matangazo na kukusanya michango. Nikasoma hapo nikasema, huyu si balozi wa nyumba kumi? Na shuleni yupo. Katika sehemu nyingi za Japani watoto wa msingi hutembea kwenda shule kwa makundi ya mtaa, wakubwa na wadogo pamoja, na anayetangulia, mara nyingi mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye hanchō. Anainua kibendera cha njano, magari yanasimama, wadogo wanavuka wakiwa na mikoba mizito kuliko mgongo.

Mtoto wa miaka kumi na mbili anayewavusha wenzake barabara. Sisi tunalo neno la mtoto huyo. Nikafungua faili la tovuti, nikarudi kwa yule kijana wa mikono iliyokunjwa, na chini ya picha yake nikaandika "Kiranja Mkuu". Lilikuwa na ukubwa, lilikuwa na utani, na yeyote aliyewahi kuandikwa jina kwa kupiga kelele darasani angelielewa mara moja. Nikatuma. Siku ya pili wakajibu kwamba bosi amelipenda mno, anataka lichapishwe hata kwenye fulana.

Nikampigia baba mkubwa kumpa habari. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Kiranja," akasema. "Mwanangu, mimi kwenye jando letu nilikuwa kiranja. Huyo bosi wako umemwambia kwamba kiranja ndiye anayetangulia kukatwa?"